Kuvuka Lunga Lunga na gari-nyumba, mbwa na paka wakiwa ndani

Karatasi za gari mtu anazikamilisha kwa siku tatu nne. Karatasi za mbwa huchukua mwezi na ushei. Hilo halitokani na uzembe wa ofisi. Chanjo ina siku zake, na siku hizo hakuna mhuri wala heshima ya mtu inayoweza kuzipunguza. Kwa hiyo anayetoka Mombasa kwenda Tanga na gari la kulala, mnyama akiwa ndani, asianze na bima wala matairi. Aanze na kalenda, na ahesabu kinyumenyume kutoka siku anayotaka kufika mpakani.

Tunaandika hapa habari za Lunga Lunga, upande wa Kenya, na Horohoro, upande wa Tanzania, kwa kuwa ndiyo njia ya karibu ya mtu wa Mombasa. Anayepitia Voi na Taveta kuingia Holili atabeba karatasi zile zile, ila mandhari na umbali tofauti.

Tuanze na chipu, kile kidude chenye namba kinachotiwa chini ya ngozi ya mnyama, wiki sita kabla ya safari. Iwe ya viwango vya ISO 11784 na 11785, yenye tarakimu 15. Ziko chipu za aina nyingine, za masafa tofauti, ambazo skana ya kawaida haizisomi, na chipu isiyosomeka ni sawa na hakuna. Itiwe kabla ya chanjo ya kichaa cha mbwa, au siku hiyo hiyo dakika chache kabla ya sindano. Cheti cha chanjo hufungamanishwa na mnyama kwa namba hiyo, na chanjo ikitangulia huna ushahidi kwamba aliyechanjwa mwezi wa tatu ndiye huyu aliyelala chini ya meza yako. Mpaka wa Horohoro unaweza ukapita bila mtu kukuuliza chipu. Lakini ukija kuendelea na safari hadi Ulaya, chanjo iliyotangulia chipu haihesabiwi kabisa, utachanja upya.

Kisha chanjo yenyewe. Mtoto wa mbwa au paka hachanjwi kabla ya kufikisha miezi mitatu. Mwili huhitaji wiki tatu hadi nne kujenga kinga baada ya sindano ya kwanza, ndiyo maana masharti ya vibali vya huku kwetu kwa kawaida hutaka chanjo iliyotimiza siku 30 na isiyozidi miezi 12. Soma hapo tena: isiyozidi miezi 12. Ziko chanjo ambazo kiwanda kimeziandikia miaka mitatu, na mwenye mbwa akajiona yuko salama. Afisa anasoma kibali, hasomi kopo la dawa. Ukiona miezi kumi imeshapita, rudia sindano mapema kabla ile ya zamani haijaisha, maana iliyokwisha hata kwa siku moja huhesabiwa kana kwamba hajawahi kuchanjwa, na unaanza kungoja siku 30 upya.

Kadi ya chanjo ndiyo inayokwamisha watu wengi kuliko chanjo yenyewe. Iwe na stika ya dawa yenye namba ya toleo, tarehe ya kuchanjwa, tarehe ya kuisha, namba ya chipu, sahihi na mhuri wa daktari aliyesajiliwa na bodi ya madaktari wa mifugo ya Kenya. Mwombe daktari aandike mwezi kwa neno, si kwa tarakimu: 03/04 mmoja ataisoma tatu Aprili, mwingine nne Machi, na huo mwezi mmoja wa tofauti ndio unaoamua kama siku 30 zimetimia. Rangi nayo iandikwe sawasawa katika karatasi zote. Mbwa aliyeandikwa "kahawia" kwenye kadi na "mwekundu" kwenye kibali ameshakuwa mbwa wawili.

Chanjo ikishaingia, omba kibali cha kuingiza mnyama Tanzania. Hutolewa na Wizara ya Mifugo na Uvuvi ya huko, na maombi hupitia mfumo wao wa mtandaoni, MIMIS. Fomu inataka aina ya mnyama, jinsia, umri, rangi, namba ya chipu, na mpaka utakaoingilia. Andika Horohoro kama ni Horohoro. Mtu akibadilisha mawazo njiani, akaamua kupitia Holili kwa ajili ya kuuona Kilimanjaro, anafika na kibali cha mlango mwingine na kazi ya kueleza ni yake.

Siku chache kabla ya kuondoka ndipo unapochukua cheti cha afya cha kimataifa kutoka Idara ya Huduma za Mifugo, DVS. Daktari wako wa kawaida humpima mnyama na kuandika ripoti, lakini cheti cha kuvukia lazima kitiwe sahihi na daktari wa serikali. Cheti hiki huishi siku chache tu, si miezi, kwa hiyo ukikichukua mapema sana kitakufia mkononi. Nenda na dawa za minyoo na kupe zikiwa zimeandikwa: jina la dawa, kiasi, tarehe. Kwa minyoo ya tegu wengi hutumia praziquantel, na jina hilo liandikwe kama lilivyo.

Na sasa lile ambalo karibu kila mtu hulisahau: kurudi. Mbwa aliyezaliwa Nyali, akachanjwa Nyali, akitoka kwenda Tanga kwa wiki moja, akirudi Lunga Lunga anahesabiwa kuwa mnyama anayeingizwa Kenya kutoka nje. Anahitaji kibali cha kuingiza kutoka DVS na cheti cha afya kilichotolewa na daktari wa serikali wa Tanzania. Cheti cha Kenya ulichotokea nacho hakimrudishi. Omba kibali cha kurudi wakati ule ule unapoomba cha kwenda, ungali Mombasa, na uangalie uhai wake unafika siku ya kurudi pamoja na siku kadhaa za akiba. Wanaofika Lunga Lunga wakirudi na karatasi za kwendea tu ndio hao wanaoonekana wamekaa kivulini wakipiga simu Nairobi.

Kwa wanyama wengine tutasema kwa ufupi. Kuku, sungura na njiwa wana vibali vyao na magonjwa yao. Usidhani kibali cha paka kinawafunika. Kasuku wa kijivu mwachie jirani. Ndege huyu yuko katika Orodha ya Kwanza ya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu Januari 2017, na kumvusha bila vibali vya wanyamapori vya nchi zote mbili ni kesi. Na anayefikiria kupitiliza hadi Unguja na mnyama ajue Zanzibar ina mamlaka yake ya mifugo. Kibali cha bara hakitoshi.

Upande wa gari. Logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari, iwe na jina la anayeendesha, au iandamane na barua ya idhini ya mwenye gari iliyotiwa mhuri wa wakili. Gari lenye mkopo linahitaji barua ya benki, maana kwenye logibuku benki ni mwenye mali pamoja nawe. Linaloleta maneno zaidi kwa gari-nyumba ni umbo. Nyingi zilizoko huku ni HiAce au lori dogo lililogeuzwa na fundi wa gereji: viti vimetolewa, kitanda kimeingia, sinki, mtungi wa gesi, dirisha jipya ubavuni, paa limeinuliwa. Logibuku bado inasema basi dogo la abiria 14. Afisa wa forodha anatazama karatasi, anatazama gari, havifanani. Mabadiliko ya umbo yasajiliwe NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya, baada ya gari kukaguliwa, na kampuni ya bima iarifiwe. Ajali ikitokea Muheza na bima ikagundua gari lililobimwa halikuwa hili, utalipa mwenyewe. Namba ya chesisi nayo: kama fundi amefunika bamba lake kwa mbao au zulia, toboa dirisha dogo la kuionea kabla ya safari, usiwe unang'oa sakafu mpakani huku mbwa akibweka.

Bima ya Kenya inaishia Kenya. Nunua kadi ya njano ya COMESA, bima ya kuvukia mipaka ya soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, kupitia kampuni yako ya bima. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini imebaki katika mpango wa kadi hii. Inalinda madai ya mtu wa tatu na matibabu ya dharura ya walio ndani ya gari, si gari lenyewe. Ukigonga ng'ombe, hasara ya ng'ombe ina pa kwenda, bamba lako la mbele halina. Anayetaka gari lake nalo lilindwe aongeze eneo la bima kubwa lifike Tanzania, kwa maandishi, kabla ya kutoka. Kule mpakani forodha watakupa kibali cha muda cha gari, chenye tarehe ya mwisho. Piga picha tarehe hiyo. Gari la kigeni lililoteremshwa bandarini Kilindini huweza kusafiri kwa kane ya forodha, yaani kijitabu cha CPD: kila nchi hukata kipande cha kuingia na kipande cha kutoka, na kishina hubaki na mihuri miwili. Ukikosa mhuri mmoja, kwa hesabu ya kijitabu gari halijatoka nchi ile.

Watu wenyewe: paspoti au hati ya muda ya kusafiria, na cheti cha homa ya manjano. Sindano hiyo huanza kuhesabika baada ya siku 10 na tangu 2016 inatambulika kwa maisha yote, kwa hiyo cheti cha zamani usikitupe.

Tufike kwenye nyumba yenyewe. Mtungi wa gesi wa Kenya wa kilo 13 usitegemee kuubadilisha Tanga, kwa sababu huko mitungi ya nyumbani ni ya kilo 6 na 15 na vichwa vyake huenda visilingane na regyuleta yako. Jaza kabla ya kutoka, funga koki ya mtungi wakati gari linatembea, na ufungue kabati lake afisa aone bila kuuliza. Nyama mbichi, maziwa na mayai ya kumlisha mbwa uvimalize Ukunda. Mazao ya mifugo yana vibali vyake na kilo mbili za mishipa ya ng'ombe kwenye friji zinaweza kukuchelewesha kuliko mbwa mwenyewe. Chakula kikavu kiwe kwenye mfuko wake wa kiwandani usiofunguliwa, wenye lebo. Kile ulichokimimina kwenye ndoo ya rangi hakina wa kukisemea.

Na mifuko ya plastiki. Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017, Tanzania Juni 2019. Wenye mbwa husahau kwamba vile vifuko vyeusi vya kuokotea kinyesi navyo ni plastiki. Beba magazeti ya zamani na ndoo yenye kifuniko. Mchanga wa paka nao utie kwenye mfuko wa karatasi wa unga.

Joto ndilo linaloua wanyama safarini, kwa hiyo hapa tusimame kidogo. Gari lililofungwa juani hupanda kama nyuzi 10 kwa dakika 10 za kwanza, na baada ya saa moja huwa limepita hewa ya nje kwa nyuzi 20 na zaidi. Februari na Machi Mombasa inapofika nyuzi 32, hesabu ni rahisi. Kuacha kioo wazi kwa upana wa vidole viwili hakusaidii kitu cha maana. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya 38 na 39.2, likipita 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Mbwa hatoi jasho la maana mwilini, anapoa kwa kuhema, na hewa ya pwani yenye unyevu inamnyima hata hilo. Mbwa na paka wa pua bapa ndio wa kwanza kuzidiwa.

Watu hufunga kiyoyozi cha paa wakaona wamemaliza. Kiyoyozi kidogo cha wati 1,000 kikiendeshwa kwa inveta, kile kigeuza umeme, kutoka betri ya volti 12 kinavuta ampea 90 na zaidi. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 usiitumie kupita nusu, basi una kama nusu saa. Halafu inveta inazima yenyewe, kimya, na wewe uko ndani ya ukumbi wa uhamiaji unangoja mhuri. Feni ya volti 12 inayovuta ampea 3 inakwenda saa nane kwa ampea-saa 24. Feni mbili, moja ikitoa hewa juu ya paa na nyingine ikiingiza chini upande wa kivuli, pamoja na kitambaa chepesi cha pamba kilicholoweshwa sakafuni ili mnyama alale juu yake, ni bora kuliko kiyoyozi kinachokufa. Na bora zaidi ni mtu kubaki na mnyama nje kivulini. Safari hii ni ya watu wawili.

Maji ya mbwa: mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo kwa siku katika hali ya kawaida. Mbwa wa kilo 25 anahitaji kama lita moja na nusu. Kwa safari ya pwani beba mara mbili yake. Akizidiwa, dalili ni kuhema bila kukoma, ufizi mwekundu sana, mate mazito, kuyumba. Mmwagie maji ya baridi ya kawaida mwili mzima, mpepee, mpeleke kwa daktari huku ukiendelea. Usimfunike taulo lililoloa ukaliacha juu yake, linageuka blanketi. Dawa za kumlaza mnyama kwa safari hatuzipendi: nyingi hushusha shinikizo la damu na kumnyima uwezo wa kujipoza. Mwenye mbwa anayetapika garini amwombe daktari dawa ya kichefuchefu, na asimlishe saa nne hadi sita kabla ya kuondoka.

Njia. Feri ya Likoni inapitisha magari, lakini gari-nyumba lina mkia mrefu nyuma ya magurudumu, na mkia huo ndio unaokwaruza. Wakati wa bamvua maji yakiwa yamekupwa, mteremko wa kuingilia unakuwa mkali, pua inapanda na mkia unalala chini pamoja na bomba la maji machafu. Maji mafu, yasiyopwa sana, ni nafuu. Nafuu kubwa zaidi ni kuzunguka Dongo Kundu: unatoka Miritini, unapita madaraja ya Mwache na Mteza, unatokea Kibundani kwenye barabara ya Lunga Lunga bila foleni wala mteremko. Baada ya hapo ni Ukunda, Msambweni, Ramisi, matuta mengi kila penye shule. Toka alfajiri. Kama kilomita 100 tu zipo, lakini maafisa wa mifugo hufanya kazi saa za ofisi, na kufika Jumamosi jioni na mbwa ni kujitafutia.

Lunga Lunga na Horohoro ni kituo cha pamoja: ukienda Tanzania, unapita majengo ya Kenya na kumalizia kila kitu upande wa pili, Kenya ikikugongea mhuri wa kutoka na Tanzania wa kuingia ndani ya jengo moja. Utaratibu unaofaa ni afya, uhamiaji, mifugo, kisha forodha mwisho. Mifugo kabla ya forodha kwa makusudi, kwa sababu mbwa akikataliwa utageuza gari, na ni rahisi kugeuza gari ambalo halijafunguliwa kibali. Hakikisha forodha ya Kenya nayo imeandika kutoka kwa gari, uwe na cha kuonyesha siku ya kurudi.

Kuna adabu ya mahali pia. Pwani hii, pande zote mbili za mpaka, wengi wanaokuhudumia hutawadha na kuswali baina ya foleni, na mate ya mbwa yanamlazimu mtu kujitoharisha upya. Mbwa asiingie ukumbini, asiachwe kunusa suruali za watu, afungwe kamba fupi mbali na mlango. Afisa akisita kumshika ili asomwe chipu, mshike wewe, mgeuzie shingo, naye asogeze skana tu. Kabla ya hayo yote kuna salamu. Ukimkuta mzee mezani, shikamoo kwanza, karatasi baadaye.

Paka awe kizimbani kabla hujazima injini. Ukaguzi ni milango kufunguliwa pande zote kwa mara moja, na paka aliyekaa saa tatu chini ya kiti ataona mwanga mmoja tu, ule wa kuelekea porini. Mawakala wa barabarani watakuja mbio kabla hujashuka, wakitaka kukubebea karatasi. Paspoti na vyeti vya mnyama havitoki mkononi mwako. Kila asili iwe na nakala mbili, na nakala ndizo zinazobaki kwa afisa.

Ukishavuka, mpekue mnyama kupe kila jioni: masikioni, kwapani, katikati ya vidole. Homa ya kupe hujitokeza baada ya siku, si palepale. Ukanda huu una mbung'o pia, kama ilivyo Shimba Hills, na mbwa ni dhaifu mno kwa ugonjwa wao. Jicho likiingia ukungu na homa ikapanda, mwambie daktari amepita wapi, apime damu. Hifadhi za taifa haziruhusu mbwa wala paka, Saadani ikiwemo, hata wakibaki ndani ya gari.

Ukifika Tanga, kama kilomita 60 na kitu kutoka mpakani, kabla hujatafuta pa kuegesha ulizia ofisi ya daktari wa mifugo wa serikali na siku zake za kazi. Cheti cha kurudia kinatoka hapo, na sikukuu ikiangukia Ijumaa ofisi ikafungwa hadi Jumatatu, nawe bado uko Tanga.